Meza ya Shekuwe

Hakuuliza bei. Aliegemeza kiwiko ukutani,
akasema: "Pima hapa, toa vidole vinne,
hicho ndicho kimo changu cha kufanyia kazi."
Nikatia alama kwenye chokaa kwa kalamu ya risasi,
risasi ya pekee niliyowahi kuibeba mfukoni.

"Nataka meza isoyua kutikisika.
Mkono wangu watetema tangu Rajabu.
Nataka kitu kimoja chumbani kisotetema."

Miaka thelathini ametengeneza bunduki za askari wa wanyama
na magobori ya makumbusho, yaliyonyamaza
tangu babu zetu hawajaota ndevu.
Leseni yake imo kwenye fremu, kando ya picha ya harusi,
na sijui ni ipi anayoipangusa zaidi.
Mimi ni seremala wa milango na vitanda.
Sijapata kumtengenezea mtu pahala pa kulaza kasiba.

Nikachora. Nikafuta. Nikachora:
miguu minne ya mbambakofi, inchi nne kwa nne,
imetanuka chini kidogo, kama mtu anayengoja kusukumwa;
mataruma mawili ya kuishika;
ndimi zipite tundu zitokee ng'ambo, zipigwe kabari.
Msumari sikuutaka. Msumari siku ya kwanza hujigamba,
siku ya mia unacheza.
Juu, ubao wa inchi tatu.
Tatu! Mbwarali akanicheka: "Wamjengea gati?"

Ubao ukaja na punda wawili.
Kona ya pili ya Mkomani ikaukataa.
Futi tisa hazipindi. Tuliinua, tukainamisha,
punda mmoja akajamba, watoto wa chuoni wakapata la kusimulia,
na ukuta wa Bi Mwanamize ukapata mkwaruzo
nitakaoambiwa habari zake mpaka Idi.
Nikaukata palepale kichochoroni, futi saba na nusu,
vumbi la mbao likitua kwenye mabega ya wapitao.
Kipande kilichobaki Bi Mwanamize akakitwaa, fidia ya ukuta.

Kumbe futi saba na nusu ndiyo nafasi iliyokuwapo
baina ya dirisha na lile kabati la chuma
ambalo inspekta huja kulihesabu.
Nilikuwa nimepima vibaya. Kona ilipima vyema.

Chini nikaweka rafu, na juu ya rafu magunia manne ya mchanga.
Ukingoni nikachimba mfereji mwembamba kwa patasi,
maana springi ikiponyoka mkono utetemao haina adabu,
hukimbilia mvunguni kama mende.
Droo nikazitandika leso kuukuu ya mke wangu;
maneno yamekatika katikati: NIMERIDHIKA NA.
Jiliwa nikalifunga kushoto, kwani wa kulia ndio mgonjwa,
midomo yake nikaivika ngozi
isije ikang'ata chuma cha watu.

Siku ya kuikabidhi akaisukuma kwa nyonga.
Akaisukuma kwa mgongo.
Akaniambia nami nisukume. Nikasukuma. Kandambili ndiyo iliyoteleza.
Akalaza viganja vyote viwili juu ya ubao, akafumba mato.
Mkono haukuacha kutetema, nisiseme uongo.
Ila ulikuwa umepata pa kutetemea.

Nilitaraji kuliona gobori la kwanza.
Aliyetangulia ni mkewe, na mbuzi ya kukunia nazi,
jino limelegea, kibao kina ufa.
Shekuwe akaibana kwenye jiliwa, akavaa miwani,
akavuta pumzi kama anayelenga shabaha.
"Bunduki zingoje," akasema. "Zenyewe hazina njaa."

Salio langu la elfu mbili liko kwake hadi leo.
Sijamdai. Nikipita Jumatatu huingia,
huisukuma meza kidogo kwa nyonga,
hutoka.